Telefone ya Avenue Yote Ilikuwa Kwangu

Kwa Papa Doyen, mukubwa wa masomo ya électricité pale ku université,

Papa Doyen, nakusalimia na heshima yote, weye na bibi yako. Mimi ni Maman Godelive wa Kasha, mama ya Joviale, ule mwanafunzi wako wa mwaka ya tatu mwenye anabebaka tournevis ya kukaza waya mu sakoshi, pa fasi ya rouge ya kupaka midomo. Mimi masomo niliachia mwaka ya ine ya primaire, basi nitaandika vile nasemaka. Niko na mashitaka juu ya ile munamufundisha.

Ya kwanza. Mbele ya Joviale kuingia kwenu, ni nyumba yangu tu ilikuwa na courant ya umeme ya hakika mu avenue yetu. Telefone za watu zilikuwa zinakuya kuchajiwa kwangu, kumi na tisa ku multiprise moja ya matundu mengi. Sikulipisha mutu. Mutu akileta telefone, anaikala kidogo, anatoa habari. Mwenye ataolewa, mwenye alifukuzwa ku kazi, nilijua mbele ya mwenyewe. Ile njo ilikuwa kazi yangu, Papa Doyen, na niliiweza bila diplôme.

Ya pili. Mukamupa travaux pratiques, yale masomo ya kufanya na mikono. Siku moja akagusa ukuta nyuma ya multiprise, akakuta iko moto sawa mbabula ya makala. Upande ingine ya ule ukuta njo tunalalaka. Akauliza ni nani aliunganisha zile waya. Nikamwambia ni mimi, na nilizifunga muzuri na sachet ya plastiki. Akakata courant, akaikala chini, akacheka mupaka machozi. Na mimi nikacheka, sikujua iko juu yangu.

Ya tatu, hii njo inaniuma. Akaleta wenzake, Akonkwa na Firmin. Bakapatia kila nyumba waya yake na kisanduku yake ya kukata courant kama kuko hatari. Nyinyi mukabapa points kumi na saba juu ya makumi mbili. Tangu ile siku kila mutu anachajia kwake. Niko na viti kumi na moja na mutu hakuna. Ndoa ya Francine, jirani wangu wa ukuta kwa ukuta, niliisikia ku misa, padri akiitangaza. Mimi, kusikia habari pamoja na watu wote? Hata mbuzi ya mahari ilijua mbele yangu.

Ya ine. Siku hizi bananiita Maman Ingénieur. Iko heshima, lakini banaiitia ku barabara, bakipita. Habasimame.

Kwa hiyo naomba: juma inakuya, Joviale akitetea travail yake ya kumaliza masomo mbele yenu, mumupe zéro. Ao arudie mwaka ya kwanza, kwenye banafundisha ya ubao tu bila kugusa waya. Kama haiwezekane, muniandikishe mimi. Nataka kujua vile telefone kumi na tisa zinaweza kurudia ku multiprise bila ukuta kuchemuka.

Unisalimie watoto, baprofesseur, na sentinelle mwenye analindaka portail, ule anaonekana anajua mengi. Mukono umechoka, kinywa bado.

Ni mimi,
Maman Godelive

N.B. Papa Doyen, acha ile zéro. Nikiwa natafuta enveloppe ya hii barua, Maman Mélanie wa avenue yetu akafika kuuliza kama Joviale anaweza kuangalia frigo yake yenye iliharibika. Nyuma yake bakakuya wengine, huyu na pasi, huyu na radio. Joviale alikuwa kwenu ku masomo, bakamungojea. Bakaikala. Viti ikakosa. Mupaka magaribi nilikuwa na habari saba, na moja iko juu yako. Mupe Joviale points muzuri, ukuye ku fête yake, nitakuelezea.