Nafasi ya Kupoza Fuwele, na Vitambaa vya Mama

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa suti. (Suti ya juu tu. Chini nilikuwa na leso na malapa.)

Nilikuwa na intavyu ya mtandaoni ya masomo ya uzamifu ng'ambo, kwenye mtambo unaotoa miale ya eksirei yenye nguvu za ajabu. Miale hiyo huchujwa na fuwele, kijipande cha silikoni. Fuwele ikipata joto inavimba kidogo tu, hata huoni kwa macho, na miale yote inaenda upogo. Kwa hivyo inapozwa kwa naitrojeni ya majimaji. Kupoza huko ndiyo kazi niliyosomea. Lakini tangu nimalize chuo niko hapa Nyanchwa kwa Mama, nafundisha watoto wa majirani tuisheni. Intavyu hii ndiyo ilikuwa njia yangu ya kutoka.

Mama aliamka mapema kupanga sebule. Akatandika vitambaa vyake vya kufuma: kwa kochi, kwa televisheni, kwa redio iliyokufa zamani. Mezani akaweka viwili, kimoja juu ya kingine.

"Mama, hapa mezani sivihitaji."

"Wageni wakukute kwa meza uchi?"

"Hawataiona meza, Mama."

"Mungu anaiona."

Nikaweka kompyuta juu ya vitambaa. (Mtaalamu huyo!)

Tukaanza. Maprofesa watatu, na Kiingereza kinanitoka bila kukwama. Nikawaambia joto lenyewe si shida, shida ni likikosa pa kutokea. Mwenyekiti, mama mmoja wa mvi, akatabasamu na kuandika kitu. Hapo ndipo kompyuta ikaanza kunguruma.

"Hiyo kelele ni ya nini?" akauliza.

"Mvua." (Huku kwetu mvua haikosi alasiri. Ningesema nini?)

"Lakini naona jua dirishani kwako."

Kabla sijajitetea, skrini ikazima. Nikaishika kompyuta, ikanichoma vidole. Vitambaa vilikuwa vimeziba matundu yote ya hewa.

Nikarudi kwenye intavyu kwa simu, jasho linatiririka. "Samahani. Kompyuta imezima kwa sababu ya joto."

Profesa mmoja akazima kamera, akasahau kuzima sauti. Alicheka mpaka akakohoa.

Mwenyekiti akanihurumia. "Tuendelee. Kwa nini fuwele iliyopozwa sana tunaiweka mahali pasipo na hewa?"

Swali rahisi! Nikafungua mdomo. Mama naye, aliyesikia kwamba kompyuta imechemka, akaingia mbio na sufuria ya barafu kutoka friza ya jirani, moja kwa moja hadi kwa kompyuta.

Wacha nipige kelele! Kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Nikamwambia aache, kitu baridi kikikaa kwa hewa kinavuta unyevu, kitatoa jasho, maji yaingie ndani, na ukikipoza zaidi kitaota barafu mwili mzima, ndiyo maana lazima hewa iondolewe kwanza!

Lilikuwa jibu kamili. Sijawahi kueleza vizuri hivyo maishani.

Mama akaweka sufuria chini. "Sawa, nimeelewa," akasema.

Nikageukia simu. Watatu wananitazama kama mtu aliyemtukana mzazi.

"Nyumbani kuko salama?" mwenyekiti akauliza.

"Nilikuwa najibu swali lako."

Nikajaribu kulirudia kwa Kiingereza, maneno yakakataa kabisa. Nikabaki nasema "hewa... hewa..." mpaka wakanishukuru na kuniaga.

Barua pepe imeshafika. Nafasi amepewa mwingine. Wananitakia heri, na wanaitakia familia yangu amani. Nimelia, sitaficha. Nimekasirika pia, na sijui nimkasirikie nani, maana Mama alikimbia na barafu kwa ajili yangu.

Mtu pekee duniani anayejua kwamba hii kazi naiweza ni yeye. Na sasa hivi ameirudisha kompyuta mezani, ameifunika kwa kitambaa cha tatu, isiingie vumbi.

Anayetaka kucheka aje na kazi mkononi.