Kofia ya Mtu wa Tabora

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Nimefika Dar es Salaam! Basi limetutikisa tangu Bagamoyo mpaka utumbo umehama. Mji mkubwa, sikatai, ila adabu hakuna. Kutoka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo nimemwamkia kila niliyepishana naye, kama inavyopasa. Wawili wameitikia. Mmoja kashika mfuko wake. Sauti imekauka, na maji ya kunywa huku yananunuliwa. Maji! Bagamoyo ilikuwa mji mkuu hawa wakiwa bado wanafukuza nguruwe mwitu. Nikamwambia hivyo Shangazi Chausiku, ninayelala ukumbini kwake. Akasema basi nirudi huko kwenye mji mkuu wangu.

Sirudi. Nimekuja kwa ajili ya Mwanvita. Baba yake, Mzee Mwinshehe, anafanya kazi huku bandarini na sijapata kumtia machoni; Bagamoyo nilikuwa nikizungumza na mamake tu. Mzee ametuma neno kwamba hamwozi bintiye kwa kijana asiye na kazi ya mjini. Ijumaa baada ya sala Shangazi atanipeleka nikaonekane. Na kuna Bwanausi wa Kerege, naye kaposa. Mwalimu. Ana baiskeli yenye kengele, anaipiga hata njia ikiwa tupu. Simpendi.

Jumanne, 4 Agosti

Kazi hakuna. Dukani wameuliza kama najua hesabu. Nikasema naijua sana. Wakanipa hesabu. Nikaondoka.

Jioni nimeongea na Kitwana, mpangaji wa chumba cha mbele, muuza madafu. Mji huu anaujua wote, kwa maneno yake mwenyewe. Anasema bandarini, kwenye godauni la pamba, nyapara anaandika watu, na nyapara huyo wanamwita Mtu wa Tabora.

Tabora! Moyo umeruka. Mtu wa Tabora ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu watu wa pwani tangu enzi za misafara. Mtani ukimpokonya kitu hakasiriki. Anakikomboa, tena anacheka. Basi kesho nampokonya kofia, na akitaka kuikomboa anipe kazi. Watu wameomba kazi hapa kwa kubembeleza wiki nzima, masikini. Hawana akili za kikwetu.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeifanya!

Nimemkuta nyapara kasimama katikati ya marobota ya pamba, kavaa kofia nyeupe ya viua, imenyooka vizuri. Nimemvamia kwa nyuma, nikaivuta, nikaivaa mimi. Nikapiga kelele kwamba bwana wa wabeba mizigo leo kapatikana, na kofia hairudi mpaka nipewe kazi! Nikacheza kidogo.

Hakuna aliyecheka. Wapagazi walinitazama kama mtu aliyekanyaga kaburi. Mji umewaharibu hawa, hata utani wamesahau.

Nyapara akauliza polepole mimi ni nani. Kiswahili chake kizuri mno kwa Mnyamwezi. Nikamjibu kwa kujidai: Mrisho bin Mwinyimvua, wa Makurunge! Akataka nirudie jina la baba. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Akafumba macho. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kofia yake, akasema amenisikia.

Amenisikia! Hiyo ni kazi, hiyo.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimewatangazia majirani wote kwamba nimepata kazi. Shangazi kaniuliza naanza lini. Nikasema mambo ya bandarini hayaendi kwa pupa. Kanitazama sana.

Ijumaa, 7 Agosti

Laiti ardhi ingepasuka nikaingia!

Tumefika Ilala kwa Mzee Mwinshehe. Nimevua viatu, nimeinama, nimetoa shikamoo yangu ya heshima. Nikainua macho. Kofia nyeupe ya viua!

Kumbe ni Mkwere wa Miono, si Mnyamwezi hata ukucha. Tabora alikaa tu, miaka ya ujana, akifanya kazi ya reli. Nimemvua kofia baba mkwe! Mtu ambaye kwetu hata kupita mbele yake akiwa kakaa huwezi. Nikainamisha uso tena mpaka ukagusa mkeka. Akilini nikamwona Mwanvita anapanda nyuma ya baiskeli ya Bwanausi, kengele inalia. Machozi yakanitoka, siandiki uongo.

Shangazi akasema kijana ana haya sana. Mzee akakohoa. Akavua kofia yake, akaitundika kwenye msumari wa juu kabisa. Kisha akasema kwamba mkwe hawezi kugusa kichwa cha baba mkwe. Jambo hilo halijapata kutokea kwetu wala halitatokea. Kwa hiyo Jumatano yeye godauni hakuwapo. Aliyekuwapo ni Mtu wa Tabora, na Mtu wa Tabora hana binti.

Nikambusu mkono. Sikujua nimshukuru vipi, maana kumshukuru ni kukiri.

Akasema Jumatatu nikaanze kubeba marobota, na posa itajibiwa mwezi wa Mfungo Tatu ukiisha. Mpaka hapo anaomba kitu kimoja tu: mikono yangu ikae kwangu. Shangazi akauliza kwani mikono imefanya nini. Mzee akamwambia anywe kahawa, inapoa.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimeanza kazi! Mabega yanawaka moto lakini nabeba kwa furaha. Nimeapa: utani basi. Mpaka kaburini. Mwanvita kwanza.

Ila kuna karani wa mizani. Mtu mkali, anaandika marobota yangu mwisho, na leo kaniita mshamba mbele ya watu. Kitwana anamjua. Anasema huyo ni Mnyamwezi safi, kila asubuhi anakula mkate kwa asali, na asali yatoka wapi kama si Tabora? Nimefikiri sana. Maneno yana uzito. Na huyu si mkwe wa mtu! Ana miwani mizuri ya dhahabu, anaivua akifuta jasho na kuiweka mezani, ovyo tu.

Pua yake imefanana kidogo na ya Mzee Mwinshehe, na Mzee humwita mdogo wake. Lakini mji huu una watu wengi, pua hazitoshi kila mtu na yake. Kesho asubuhi, akishaanza kufuta jasho.