Nimeposa kwa Simu, Nimeharibu kwa Mdomo

Jamani, leo nimejimaliza mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyeniroga. Mdomo ni wangu, na nimeutumia vibaya mbele ya koo mbili na spika moja kubwa.

Naanza mwanzo, maana kesho mtayasikia yameshageuzwa.

Wengi mnajua nimefungiwa ndani. Leo ni siku ya tisa. Mwenzangu wa kazini, pale kwenye kibanda chetu cha kuchapa barua na kutoa kopi hapa Gitega, alipimwa akakutwa na korona. Watu wa afya wakanifuata hadi mtaani kwangu Musinzira, wakaniambia: siku kumi na nne, chumbani, hakuna kutoka, hakuna kupokea mgeni. Sikohoi, sina homa. (Kuna mtu kwenye grupu hili aliniuliza kama bado naonja chumvi. Naonja. Leo naonja hata ya machozi.) Kazi nachapia kitandani. Chakula analeta mwenye nyumba wangu, Mama Zaituni. Anaweka sahani mlangoni, anagonga, anakimbia.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku ya kumposa Goreth wangu.

Goreth ni mwalimu wa shule ya msingi kwao Mwakiro, kule Muyinga. Posa yetu imeahirishwa mara mbili kwa ajili ya korona hii hii. Mara hii baba yake, Mzee Melkiori, akasema basi: watu waje Jumamosi, au wasije tena. Baba mdogo wangu Salvatori, ambaye ndiye baba kwangu tangu baba afariki, ikabidi ampigie simu kumweleza kwamba mposaji mwenyewe yuko karantini. Nikajua yameisha.

Kumbe mzee alifurahi! Alisema hivi, baba mdogo akanirudishia neno kwa neno: "Kijana anayeambiwa kaa ndani akakaa, huyo ndiye ninayemtaka. Binti yangu hatulii. Anahitaji mtu aliyetulia."

Wakapatana nihudhurie kwa simu. Watu sita kwao, sita kwetu, madirisha wazi, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, hakuna kukumbatiana. Mzee aliyashika mambo haya kweli kweli kwa sababu ana pumu. Alimwalika hadi Mama Dafroza, yule anayesimamia mambo ya afya pale mlimani, yaani kijijini kwao, aje ahakikishe kila kitu kinafuata sheria.

Kijana aliyetulia. Wekeni akilini maneno hayo.

Juzi Alhamisi, mchana, nikasikia dirisha linagongwa. Goreth! Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda Muyinga mjini kuchukua nguo yake ya sherehe kwa fundi. Nguo alishaichukua Jumatano. Yeye akapanda gari hadi Gitega, kuniona tu. Tulikubaliana atabaki nje, dirishani, na barakoa yake. Na alibaki! Dakika kumi nzima alibaki. Halafu ikashuka mvua. Ile mvua ya Gitega mnaijua. Ningemwacha alowe, mwalimu wa watu?

Aliingia. Tukala maharage na ndizi kwenye sahani moja, kwa sababu sahani niliyonayo ni moja. Mvua ilipokatika akaondoka. Hakuna lililotokea zaidi ya hapo. (Najua hamniamini. Hata mimi nisingeniamini.) Mama Zaituni alikuwa barazani anachambua mchele. Alipomwona anatoka akageuza uso ukutani akasema: "Mi sikuona kitu. Macho yangu iko kwa mchele."

Tuje leo.

Ujumbe wetu uliondoka alfajiri. Kabla hawajapanda gari baba mdogo akanipigia.

"Deo, sikiliza. Pale utakaa kimya. Hata usikie nini, kaa kimya. Mwisho nitakuita, utasema asante, basi."

"Sawa, baba mdogo."

"Nimesema hata usikie nini."

"Nimeelewa."

Hakuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza. Hapo ndipo penye kaburi langu. Mnajua mimi nimezaliwa Kasulu, kule Tanzania, nimekulia Kasulu, nimerudi Burundi nikiwa na ndevu. Kirundi nakisikia vizuri. Kadi za mialiko ya posa nimechapa mpaka vidole vikaota sugu. Lakini posa yenyewe sijawahi kukaa hata moja, maana Jumamosi ndiyo siku watu wanachapisha kadi! Ninachokijua ni cha kule nilikokulia: unapeleka barua, wanaisoma, wanakujibu ndiyo au hapana.

Saa nne nimeshavaa suti. Suti kamili, na tai, na viatu, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Rafiki yangu Elie, yule kinyozi, ndiye aliyepewa kazi ya kushika simu. Elie amekulia Kasulu kama mimi, kwa hiyo msimtegemee. Kwanza alinionyesha watu: wazee wamekaa mbalimbali, wamevaa barakoa, wanasalimiana kwa viwiko. Kila mtu na chupa yake. Isipokuwa kwenye kona moja, wazee wanne wamezunguka chungu cha pombe ya mtama na mirija yao ndani.

Nikamnong'oneza Elie: "Na wale?"

"Wamegoma. Wanasema pombe ya mtama ikinywewa kwenye chupa hiyo siyo sherehe. Mzee amewaruhusu, na yeye mwenyewe amekaa nao."

Halafu Elie akaona mkono unamchoka. Akailaza simu juu ya kreti ya soda, kamera ikitazama juu, akaiunganisha na spika kubwa ya kukodi ili wazee wanisikie vizuri nitakaposema ile asante yangu. Kuanzia hapo nilichokiona ni mabati na buibui mmoja. Sura ya mtu sikuiona tena.

Maneno yakaanza. Nawatafsiria.

Baba mdogo akasema kwa sauti ya unyenyekevu: "Tumetoka mbali. Tumesikia kwenye nyumba hii kuna mche mzuri, tumekuja kuuomba."

Msemaji wao, kaka yake Mzee Melkiori, ana sauti nzito ya kutisha. "Mche? Sisi hapa tumelima maharage tu. Mmepotea njia."

Nikashtuka. Wamepotea? Si wamekaribishwa, wamekalishwa na kunyweshwa?

"Hapana," baba mdogo akasema, "ni hapa hapa. Binti anaitwa Goreth."

Ile sauti ikajibu: "Ah, Goreth! Poleni sana, wageni. Huyo walishawatangulia watu wa Kirundo. Wiki iliyopita tumewapa, wameondoka naye. Hapa hayupo."

Nilitazama mabati, buibui naye akanitazama. Watu wa Kirundo, mkoa wa jirani! Wiki iliyopita! Nikajishika mdomo kwa mikono miwili. Nilikumbuka ahadi yangu, nawaapia. Nikamsubiri baba mdogo apigane.

Baba mdogo akashusha pumzi ndefu, akasema: "Basi tumechelewa. Kilichokwisha kimekwisha. Jamaa, inukeni, tuchukue mizigo yetu turudi."

Nikasikia viti vinasogezwa. Jamani, nikasikia viti!

Mikono ikatoka mdomoni yenyewe.

"Uongo!" nikapiga kelele. "Huo ni uongo! Hakuna mtu wa Kirundo! Baba mdogo, kaa chini! Juzi Alhamisi Goreth alikuwa hapa! Hapa chumbani kwangu! Tumekula sahani moja!"

Spika ile ilikuwa nzuri. Sauti yangu ilitoka, ikavuka migomba ya Mzee Melkiori, ikarudi tena kwenye simu yangu imechelewa kidogo, kwa hiyo nikajisikia mwenyewe nikimalizia: "...sahani moja."

Sijawahi kusikia kimya cha watu wengi kiasi hicho.

Ya kwanza kusikika ilikuwa sauti ya Mama Dafroza, taratibu kabisa: "Kijana. Rudia. Chumbani wapi? Huko karantini?"

Hapo mtu mwenye akili angekata simu. Mimi nikajibu! Nikasema: "Ilikuwa mvua, mama." Na kwa kuwa hakuna aliyesema kitu, nikaongeza: "Lakini dirisha lilikuwa wazi."

Ndipo sherehe ikapasuka. Nilisikia mtu anatema pombe. Nikasikia mwanamke anauliza kwa kilio ni nani aliyeichuja pombe ile asubuhi, na mwingine akamjibu ni Goreth, na ameionja yeye kwanza. Nikasikia chungu kinaanguka. Viti, ndoo, mtu anakohoa (najua ilimpalia tu, lakini mnadhani kuna aliyebaki kuuliza?). Juu ya yote hayo Mama Dafroza anapaza sauti: "Hakuna anayetoka! Kila mtu abaki alipo! Nimesema kila mtu!"

Mwisho nikamsikia Mzee Melkiori. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Zimeni hicho kitu."

Buibui akapotea.

Nikabaki na suti yangu kwenye ukingo wa kitanda. Sijui nilikaa muda gani. Nililia, nasema wazi, nililia kama mtoto. Dirishani akatokea Mama Zaituni, barakoa kidevuni, amesikia kila kitu kwa sababu ndiyo kazi yake.

"We Deo, mbona unalia?"

"Wamemwoza Goreth kwa mtu mwingine, Mama Zaituni."

"Nani?"

"Watu wa Kirundo."

Alinitazama. Kisha akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Yesu wako na Mungu wangu! Balikuwa banacheza!"

"Wanacheza nini?"

"Banacheza, we mtoto! Posa yote iko hivyo. Banakunyima kwanza. Banasema msichana hayupo, amekufa, ameenda Kirundo, ameenda wapi. Bako banamupandisha bei ya heshima. Benzako banajifanya kuondoka. Kisha banacheka, banamuita, anatoka. Hata mtoto mudogo anajua! Habakukuambia?"

"Waliniambia nikae kimya."

"Basi si ungekaa?"

Nikaifunga tai yangu upya, nikasubiri simu.

Saa tisa Elie akapiga. Anaongea chini chini kama mtu aliye msibani.

"Deo, umetuua."

"Mko wapi?"

"Tuko wapi? Si hapa hapa! Mama Dafroza ameita wakubwa wake, wamekuja wametuandika majina. Siku kumi na nne, ndugu yangu. Wote. Na sisi sita tuliokuja kukuposea, hatutoki kwenye boma hili. Mimi nimelazwa stoo na magunia ya mahindi. Saluni yangu nimeiacha wazi."

"Baba mdogo je?"

"Yuko chumba kimoja na Mzee Melkiori. Hakukuwa na nafasi kwingine. Kila mmoja ameelekea ukuta wake."

Nikauliza swali nililokuwa naliogopa. "Na Goreth?"

"Alikuwa nyuma ya pazia, Deo. Ameshavaa. Mashangazi walikuwa wameshamshika mikono kumtoa. Neno lililokuwa linafuata kutoka kwa msemaji wao ni 'ngojeni kwanza, kumbe yupo'. Uliyakata maneno mdomoni mwake."

Nikamwambia Elie nikate simu nipumue. Nikampigia Goreth. Hakupokea. Nikapiga tena. Nikaandika samahani, nikaifuta, nikaiandika ndefu zaidi. Amesoma yote. Baada ya saa nzima akajibu hivi, nainakili kama ilivyo:

"Nilimdanganya baba, hilo ni langu. Lakini baba ana pumu. Kila akikohoa nahesabu. Wewe hesabu huko kwako."

Hilo, wapendwa, halichekeshi. Nimekaa hapa tangu saa hiyo, nimevua tai tu, na kila Mama Zaituni akikohoa barazani narukaruka. Mzee aliyenikubali kabla hajaniona, kwa sababu moja tu kwamba najua kutulia ndani, amelala ameelekea ukuta na shaka ya kifua, na shaka hiyo nimempelekea mimi. Kwa gari, kupitia kwa binti yake, kwa sababu ya mvua na sahani ya maharage. Kama kuna mtu anayejua kuomba kwenye grupu hili, aombe. Bila kuniuliza dini.

Jioni hii Elie amepiga tena. Nikadhani ni jibu la posa. Nikasimama wima na suti yangu.

"Mzee amesema kitu," akasema.

"Amekataa?"

"Hajakataa. Hajakubali pia. Amesema hapa kuna midomo sita ya kwenu inakula chakula chake, na wewe unafunguliwa Alhamisi, sisi bado. Kwa hiyo ukishapimwa ukaonekana mzima, ulete unga, maharage na sabuni. Uweke chini kwenye ua. Ugeuke urudi Gitega."

"Basi?"

"Kuna neno moja zaidi. Amesema nikuambie kama alivyolitamka." Elie akakohoa kusafisha koo, nikahesabu. "Amesema: 'Na asiongee.'"

Ndiyo maana naandika. Kuandika hakujakatazwa. Naombeni msicheke, na atakayeshindwa acheke ndani ya barakoa, kimya kimya, kama nilivyotakiwa kukaa mimi.