Kicheko cha Baba Ndani ya Kopo la Maziwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kikao cha familia. Jumamosi tunaondoa kilio cha Baba, mwaka umetimia. Mama Louise, mama yangu mzazi, amesema anataka jambo moja tu: fulana za familia zichapwe ile picha ambayo Baba anacheka. Si ya kitambulisho. Si ya kadi ya kazi. Ile ya kucheka.

Wote wakanigeukia. Raha iliyoje! Picha za ukoo huu ninazo mimi, Lukusa, mtoto wa kwanza. Baba mbele ya kamera alisimama siku zote kama mtu anayengoja kudungwa sindano. Alicheka mara moja tu, kwenye harusi ya dada yangu Jémima, na aliyempiga picha ni mimi. Nilikuwa nimemtolea kichekesho kikali. Kichekesho chenyewe sikikumbuki.

Nikatangaza kwamba hifadhi yangu ya picha ni imara. Hapo Dimitri akakohoa. Dimitri ni mume wa Jémima. Anashughulikia kompyuta kwenye ofisi ya kampuni moja ya mgodi, basi kunyamaza hawezi. Akasema picha ya namna hiyo inataka nakala tatu, na moja ikae mbali na nyingine. Kwake, kwa mfano. Kwake! Nikamjibu kwamba nakala ninazo nyingi kuliko mashati yake.

Mama alitabasamu kidogo. Tangu msiba hajacheka hata siku moja. Nikaona aibu, kwa sababu nakala sina hata moja. Picha zote ziko kwenye simu, basi.

Jumanne, 10 Juni

Simu imegoma. Imejaa. Nilitaka kupiga picha sahani yangu ya bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, ikakataa mbele ya samaki.

Nimeshinda asubuhi nzima nikipunguza. Kazi ngumu sana. Mafaili yangu yanaitwa "Mpya", "Mpya kabisa", "Mpya ya kweli" na "Usifute". Picha zangu nikiegemea magari ya watu siwezi kufuta, ile ni historia. Picha za bukari, vivyo hivyo. Mwishowe nimefuta harusi ya Jémima na Dimitri, yote, nikabakiza Baba peke yake. Nafasi kubwa imepatikana. Roho pia imepumua.

Nimemtazama Baba kwa muda mrefu. Jino moja halipo. Macho yamefumba, mkono umeshika tumbo. Ninamkumbuka mno mzee huyu. Nimelia kidogo, nikajifuta, nikafanya kazi: nimemnakili mara tatu, zote ndani ya simu ileile. Haya Dimitri, tatu hizo! Simu ikajaa tena.

Falonne, mke wangu, akauliza: simu ikitumbukia chooni, hizo nakala zitaogelea zenyewe? Mwanamke huyu ana mdomo. Nikaenda sokoni, nikarudi na flashi mbili na diski ya nje. Nimepita pia kwa Elisée, anayechapa fulana karibu na soko. Mtaani kwake umeme hautarudi kabla ya Ijumaa. Nimpelekee picha Ijumaa asubuhi. Vizuri. Nitaingia nayo mwenyewe, mkononi, watu wakiona.

Jioni Dimitri alinisaidia kunakili kwa kompyuta yake, na alisaidia kwa kujigamba. Nilisimama nyuma yake muda wote asije akaiba kitu. Sasa nakala ni za kweli. Nimeziweka zote pamoja ndani ya kopo la maziwa ya unga. Zikae pamoja, zisipoteane.

Jumatano, 11 Juni

Dimitri alipita tena jana usiku. Anataka flashi moja akaitunze nyumbani kwake. Akataja wezi. Akataja moto. Nikamwambia nitafikiri, na nimefikiri: akiwa na flashi, Jumamosi atasema picha ni yake. Ninamjua.

Lakini kopo litakaa wapi? Ndani ya nyumba haiwezekani, Falonne hufungua kila kopo. Nikapata wazo. Ardhi! Ardhi haiungui. Ardhi haiazimwi na jirani.

Sururu niliazima usiku huohuo kwa jirani yangu Tshiamala, aliyechimba kwenye mgodi wa Mutoshi miaka mingi kabla mgongo haujamkatalia. Leo nimeamka alfajiri. Baridi ya Juni, udongo mgumu, vumbi mpaka kwenye meno. Nikachimba chini ya mpapai, nyuma ya nyumba. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikatia kopo, nikafukia, nikakanyagakanyaga, nikatupia majani juu. Kazi safi.

Nilipomrudishia sururu, Tshiamala hakuiweka chini. Aliangalia ncha yake. Akabandua udongo, akausugua kwa vidole, akaunusa. Akauliza nimeshuka mita ngapi. Nikasema sijashuka popote, nimezika tu kitu cha familia. Akanitazama kwa huruma.

"Tata Lukusa, usitufiche," akasema. "Hapa Kolwezi mutu hachimbake saa ya kwanza ya asubui juu ya kitu ya familia."

Ndipo nilipoelewa. Katika mji huu watu wamechimba mpaka chini ya vitanda vyao wakitafuta kobalti. Mtu anayechimba kwake kimyakimya, halafu anafunika kwa majani, tayari amepata. Nikakana. Kadiri nilivyokana, ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa na kutabasamu.

Alhamisi, 12 Juni

Mimi ni tajiri! Kila mtu anajua, isipokuwa mfuko wangu.

Asubuhi nimesalimiwa "Patroni", yaani bosi, na watu wasiowahi kunisalimia. Muuza mikate ameniongezea mkate bila kuulizwa. Mtu mmoja mwenye viatu vinavyong'aa amekuja kusimama kwenye mpapai wangu akijifanya anatazama mapapai. Mchana bia mbili zimekuja zenyewe mezani. Nimekana, lakini nimekana polepole, na baada ya kunywa.

Kisha Tshiamala akaja na ombi. Ana vijana wake wenye nguvu, wa kila pembe ya Kongo. Watachimba bila malipo, na chochote kitakachotoka tutagawana nusu kwa nusu.

Nusu ya hewa! Nikawaza haraka. Falonne anadai choo kipya tangu mvua zilizopita, na choo kinataka shimo. Nikakubali kwa uso wa huzuni, kama mtu anayetoa figo. Nimepigilia vijiti vinne nyuma ya jikoni, mahali choo kitakapokaa, nikawaonyesha: chimbeni hapa. Mpapai uko mbali, upande wa pili. Falonne aliuliza, je, wakigundua hakuna kitu? Nikamwambia watagundua wakiwa tayari wamemaliza choo.

Siku kama hii lazima ipigwe picha. Mimi na vijana, mimi na sururu, mimi na vijiti. Simu ikasema imejaa. Sikubabaika hata kidogo. Nimefuta kila kitu kwenye simu, mpaka faili la "Usifute". Wasiwasi wa nini? Baba yuko salama ardhini.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya.

Nilichelewa kuamka kwa sababu ya zile bia. Nilipotoka, vijiti vyangu vinne vilikuwa vimesimama peke yao nyuma ya jikoni. Vijana walikuwa kwenye mpapai. Mchimbaji wa kweli hafuati vijiti vya mwenye kiwanja anayeficha mali. Anafuata udongo uliokwisha kutifuliwa. Shimo lilikuwa limefika kifuani, na Tshiamala alinipungia mkono kwa furaha. Nikauliza udongo wa juu uko wapi. Akasema magunia ya kwanza yameshapanda pikipiki, yamekwenda kupimwa kwenye dipo, kwa wanunuzi wa madini.

Nikapanda pikipiki nami, nikiwa na kandambili na shati la kulalia. Dipo ni uzio wa mabati njiani kuelekea Mutoshi. Nilikuta magunia yamemwagwa na mtu mwenye nyundo anaponda mabonge yote kwa zamu, bila kuchagua. Mwingine alipitisha mashine ya kupimia, ile inayofanana na bastola. Mwanzo hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu mashine ikalia, watu wakapiga kelele za shangwe, na mimi nikajipenyeza mbele.

Ilikuwa diski yangu. Vipande. Flashi zote mbili zilikuwa zimebanwa ndani ya kopo, bapa kabisa. Mpimaji akasema shaba ipo, lakini ni kidogo sana.

Nilirudi kwa miguu. Baba tulimzika mwaka jana kwa heshima, na padri, na nyimbo. Juzi nimemzika mimi tena, ndani ya kopo la maziwa, na leo nimemponda kwa nyundo.

Nilimwambia Mama. Sikuweza kumwangalia. Alikuwa anachambua mchele wa kesho. Alichukua ungo wake akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angenipiga.

Jioni Dimitri amekuja na mzigo mkubwa. Fulana, zimekwisha kuchapwa. Na juu ya kila moja, Baba! Jino, macho, mkono tumboni. Nikauliza ameipata wapi.

"Siku ulikuya kukopia kwangu, kompyuta ilibakisha yote," akasema. "Nikatia ingine ku kazi na ingine kwa mama yangu kule Mutshatsha. Nilijua weye utapoteza."

Nimemkumbatia. Nilitaka pia kumng'ata sikio. Nikamwomba asimwambie Mama picha imetoka kwake. Akasema Mama mwenyewe alimpigia simu mchana, kumuuliza kama ana nakala.

Na harusi yake pia anayo yote. Sikuuliza, amejitajia mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Tumeondoa kilio. Watu wengi, bukari nyingi, kuku wa kutosha. Shimo la mpapai nililifunika kwa turubai kuukuu na mkeka juu yake, wageni wasije wakauliza maswali. Ndani nilikuwa nimeacha majani makavu ya kuja kuchoma. Tshiamala na vijana wake walikuja kula. Nusu kwa nusu, walisema.

Padri aliomba. Mama alivua nguo nyeusi akavaa fulana, na sisi wote tukavaa zetu. Uwanja mzima ukajaa Baba. Nilizunguka nikiwaeleza wageni kwamba anacheka kichekesho changu. Walipotaka kukisikia niliwaambia hakifai mbele ya padri.

Kisha ikaja picha ya familia. Dimitri alijitolea kupiga. Nikamwambia akae kwenye mstari, hii ni kazi ya mtoto wa kwanza. Wakajipanga. Mama katikati, uso mkavu kama wa Baba kwenye kadi ya kazi. Hawakuenea. Nikarudi nyuma hatua moja. Shangazi mmoja alikatika kichwa. Nikarudi tena. Niliona Falonne anafungua mdomo, nikamwashiria anyamaze, asiharibu picha. Nikarudi tena, nikabonyeza.

Mkeka ukakunjika. Turubai ikafuata. Nami nikazifuata zote mbili.

Majani yalinipokea. Sikuumia, isipokuwa mahali pa kukalia. Nilipofumbua macho nikaona juu yangu, kuzunguka mdomo wote wa shimo, ukoo mzima umeinama kunitazama. Na chini ya kila uso, kifuani, Baba. Baba wengi, wamejipanga ukingoni, mkono tumboni, wananicheka.

Halafu nikasikia sauti ambayo sijaisikia mwaka mzima. Mama! Alikuwa ameshika tumbo kama picha aliyoivaa. Alicheka mpaka akashikwa mikono asije akanifuata.

"Ni vilevile," akasema alipopata pumzi. "Ku harusi ya Jémima ulirudia nyuma vile, ukaanguka mu beseni ya bukari ya bageni. Tata yako hakuchekaka maneno yako, Lukusa. Alikuwa anacheka weye."

Wageni wote walisikia. Padri pia.

Sijui niandike nini. Nilipaswa kukasirika. Lakini nilikaa pale chini kwenye majani, nikimsikiliza Mama anavyocheka, na sikuwa na haraka ya kutoka.

Jumapili, 15 Juni

Mgongo unauma. Habari kubwa: simu ni nzima! Picha ya mwisho, niliyobonyeza wakati wa kwenda chini, imetoka. Imepinda, nusu yake ni mawingu. Lakini pembeni Mama ndio kwanza anaanza kucheka. Macho yanafumba. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Mama ameiona akaishika simu muda mrefu. Jémima anaitaka. Shangazi wanaitaka. Dimitri amekuja mapema, ameomba kwa adabu aikopi mara moja tu, aweke kazini na Mutshatsha. Amesema hata kahawa hatakunywa.

Nimemkatalia. Nimemweleza kwamba makosa yangu nimeyachunguza vizuri na nimeyaelewa. Kosa lilikuwa mpapai. Mpapai unaonekana kutoka barabarani. Kosa la pili lilikuwa kina: sikuchimba chini vya kutosha.

Safari hii ni chini ya banda la kuku, flashi moja tu, ndani ya kopo jipya lenye kifuniko cha kukaza. Nikishaifukia nitaifuta kwenye simu, maana simu imeanza tena kusema imejaa, na leo tuna bukari na kuku wa jana.

Sururu nimeiomba kwa Tshiamala. Amenipa upesi, hakuuliza kitu. Ninamwona kupitia dirisha, anawapigia simu vijana.