Itifaki ya Dakika Tano

Miaka kumi na tisa sikuwahi kumsikia Ebo Quansah akianza kusema jambo kabla ya kusalimia wakubwa. Hata kuomba chumvi! "Mheshimiwa mkutubi mkuu, wakutubi wenzangu, mwakilishi wa wafagizi, mabibi na mabwana." Mpaka ujue kwamba samaki wake hana chumvi, kenkey yako, ugali wetu wa mahindi yaliyochachuka, imeshapoa.

Jumamosi alikuwa mshereheshaji wa mazishi, maarufu mji mzima wa Cape Coast. Siku nyingine tulikaa pamoja kaunta ya maktaba ya chuo, chini ya feni inayozunguka ikijisikia.

Ndipo mkutubi mkuu, Mama Dadzie, akatangaza cheo kipya: mkuu wa huduma za mtandaoni. Ofisi yenye mlango, jina mlangoni, na kiyoyozi! Mwombaji atengeneze video ya kuwaonyesha wanafunzi namna ya kutafuta makala kwenye kompyuta, maana foleni yao ya kutuuliza kaunta ilikuwa imefika ngazini.

"Dada Araba," Ebo akaniambia, baada ya kusalimia watu sita wasiokuwepo, "kile kiyoyozi nimeshaanza kukisikia mgongoni."

Akapakua programu ya bure ya kurekodi skrini. Nikamwonya.

"Kaka Ebo, hii ya bure inakata ikifika dakika tano."

"Tano? Dada, mimi nimezika machifu!"

"Kwa dakika ngapi?"

"Usinitukane."

"Basi sema tu itifaki imezingatiwa, uende kwenye makala."

"Na Chifu akitazama, akute hajatajwa?"

"Chifu anatafuta makala gani?"

"Ndiyo maana wewe hupewi kipaza sauti mazishini," akasema, akavaa koti. Koti! La kurekodia skrini, isiyomwonyesha hata ukucha.

Video yenyewe hakuitazama. Mabingwa hawajikagui. Akaituma moja kwa moja.

Alhamisi kamati ya uteuzi ikakaa, nasi watumishi tukaalikwa. Ukutani ukatokea ukurasa wa maktaba, kisanduku cheupe cha kutafutia, na kishale kimesimama kama mfiwa. Sauti ya Ebo ikanguruma. Chifu. Malkia mama. Makamu mkuu wa chuo. Wakuu wa vitivo, kimoja kimoja. Maaskofu, maimamu, wanahabari wa karibu na wa mbali. Kishale hakikutikisika. Dakika ya nne alikuwa anawapa pole walioshindwa kufika.

"Sasa basi," video ikasema, "ili kupata makala, kwanza kabisa utabofya—"

Ikakatika.

Mjumbe mmoja akauliza kwa upole, "Samahani, marehemu ni nani?"

Mimi cheo sikukiomba. Ila wiki ile mafua yalinikausha sauti, nikarekodi video ya sekunde themanini ya kubofya bila neno hata moja, nikaiweka kwenye kompyuta ya kaunta ili nipumzike. Wanafunzi wakaitazama, foleni ikaisha. Mama Dadzie akauliza ni kazi ya nani. Sasa jina lililo mlangoni ni langu, na chumba kina ukimya mwingi kuliko nilivyotaka.

Siku yangu ya kwanza humo, Ebo akaja akasimama mlangoni, shati limemganda kwa jasho. Nikaweka kalamu chini, nikajiandaa kusalimiwa hadi adhuhuri. Hakumtaja hata mkubwa mmoja.

"Araba," akasema, "hicho kiyoyozi, ukikigeuza, hakifiki kaunta?"