Klabu Iliyozeeka kwa Wiki Moja

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, kwa kutumia vipaza sauti viwili ambavyo kimoja kilikuwa kizima, uongozi wa Klabu ya Soka ya Siafu wa Adwenkrom uliutangazia umma kwamba klabu itatimiza miaka mia moja Jumamosi ijayo. Mpaka jana yake, Jumapili, ilikuwa na miaka sitini na miwili. Umma uliombwa kuipokea taarifa hiyo kwa utulivu na kufika uwanjani ukiwa umevaa nguo nyeupe.

Aliyesoma tangazo ni Katibu wa klabu, Kwamena Essilfie. Alikuwa katika ukatibu kwa miaka ishirini na saba, na kwa muda wote huo hakuwahi kuisoma hadharani karatasi isiyo na mhuri, wala kuikataa iliyo nao. Hii ilikuwa na mihuri mitatu. Akaisoma yote, pamoja na pale chini palipoandikwa "nakala: jaladani".

Sababu zilikuwa za msingi kabisa. Siafu walikuwa wanaburuta mkia kwenye ligi, na Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho wa msimu. Lakini Mamlaka ya Vilabu Vikongwe, iliyoundwa mwaka jana ili kuratibu uzee wa vilabu, ilikuwa imetoa Kanuni ya Saba: klabu yenye miaka mia haishuki daraja, kwa kuwa si adabu kumteremsha mzee ngazi. Tena klabu hiyo hupewa Cheti cha Ukongwe, na mrithi wa mwanzilishi wake huwa mwenyekiti wa maisha. Mwenyekiti wa sasa, Mheshimiwa Nathaniel Brew, aliisoma kanuni hiyo mara mbili. Mara ya pili aliisoma akiwa amesimama.

"Katibu," alisema, "klabu hii ilianzishwa lini?"

"Mwaka sitini na mbili, Mheshimiwa."

"Nani kasema?"

"Waliokuwepo."

"Hao ndio wanaoharibu historia," alisema Mwenyekiti kwa masikitiko. "Watu waliokuwepo."

Siku hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Kuthibitisha Ukongwe, yenye wajumbe saba na kamati ndogo tatu: ya tarehe, ya mwanzilishi, na ya chakula cha mchana. Hii ya mwisho ndiyo iliyomaliza kazi yake mapema kuliko zote, na ikapongezwa.

Ugumu wa kazi ulikuwa mmoja tu. Kila mtu Adwenkrom aliijua historia yenyewe. Klabu ilianzishwa na Araba Tawia, mama muuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, kwenye lango la karakana ya reli. Mpishi mmoja wa meli alikula kenkey yake na samaki wa kukaanga kwa siku tatu mfululizo, na alipoishiwa akamwachia mpira wa ngozi. Mpira hauliwi. Araba akawapa vijana wa karakana, kwa sharti moja: mpira ni wake, na kabla ya kila mechi ya nyumbani atamkabidhi nahodha kwa mkono wake mwenyewe, ili wasije wakasahau ulikotoka. Alipofariki, kazi hiyo na biashara ya kenkey zikashikwa na binti yake, Ekuwa, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili siku mpira ule ulipofika.

Sasa Ekuwa, ambaye mji mzima humwita Maame, yaani Mama, ana miaka sabini na minne. Jumatatu anafua jezi, na siku zilizobaki anawagombeza mabeki. Mara moja tu Siafu walianza mechi ya nyumbani bila mkono wake, mwaka alioshikwa na malaria. Walifungwa sita bila, na kocha akaenda mwenyewe wodini kuomba radhi.

Katika historia mpya, mama huyu hakuwa na nafasi. Mwanzilishi angekuwa Karani Josiah Brew wa forodha, babu yake Mwenyekiti, mwaka 1924. Mpira ungekabidhiwa na Mwenyekiti mwenyewe kwa niaba ya babu.

Ushahidi ulipatikana Jumanne, kwenye kabati la kanisa. Ilikuwa picha ya wanaume kumi na mmoja waliovaa mavazi meupe, wa katikati akiwa Karani Josiah, mikononi ameshika kitu cha mviringo. Wazee wa kanisa walisema ni kwaya, siku ya sikukuu ya mavuno, na alichoshika ni boga. Kamati ilijadili boga hilo kwa saa mbili.

"Lina kikonyo," alisema mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa wasiwasi.

"Hicho si kikonyo," alisema Mwenyekiti. "Hapo ndipo walipokuwa wanajazia upepo."

Ikaazimiwa kwamba kitu hicho kiitwe "mpira wa kipindi cha awali". Katibu akaandika, akagonga mhuri. Usiku huo alikula kwa kusukuma kila tonge na maji, akifikiria barua aliyotakiwa kumpelekea Maame Ekuwa kesho yake. Kenkey ya mama huyo ndiyo iliyomkuza.

Jumatano asubuhi alimkuta Maame Ekuwa mbele ya sufuria yake, pale pale kwenye lango la karakana alipouzia mama yake.

"Maame, umeamkaje? Nimeleta barua."

"Isome wewe. Miwani yangu iko kwa fundi tangu Pasaka."

Katibu akakohoa. "'Uongozi unapenda kukujulisha kwamba kuanzia Jumamosi, mkono wako utastaafishwa kwa heshima zote zinazostahili.'"

"Mkono upi?"

"Haukutajwa, Maame. Nadhani yote miwili."

Maame Ekuwa akacheka, kisha akaweka mwiko chini na kufunika sufuria. Katibu alimjua vya kutosha kuona kwamba ameumia. Mama aliyefunika sufuria Adwenkrom ni jambo la kutisha kuliko mama anayefoka.

"Kwamena," alisema, "sitaki mshahara. Sitaki kiti cha kivuli. Nimewaomba nini mimi, zaidi ya kuushika mpira wa mama yangu hatua hamsini, kutoka lango la uwanja hadi katikati? Na huyo mwanzilishi mpya ni nani?"

"Karani Josiah Brew."

"Mjomba Josiah?" Mwiko ulirudi mkononi. "Mjomba wake mama? Yule alikuwa akiona mpira unakuja anafungua mwavuli!"

Katibu alikuwa anafunga jalada. Akaacha.

"Alikuwa mjomba wa mama yako?"

"Tumbo moja na bibi yangu Efua. Efua ndiye aliyemzaa mama. Wewe umezaliwa hapa, hujui? Au mihuri imekupanda kichwani?"

"Na huyo Josiah, wapwa wake waliobaki ni nani?"

"Kaka zangu wametangulia. Nimebaki mimi na wanangu. Unauliza ya nini?"

"Ya jaladani tu, Maame."

"Haya, kaa ule. Barua mbaya haisomwi kwa njaa."

Katibu akala, na kwa mara ya kwanza wiki ile chakula kilishuka bila kusukumwa.

Adwenkrom, jina la mtu hutoka kwa baba, lakini ukoo wake hutoka kwa mama. Mtoto atabeba jina la baba yake, atakula sahani moja naye, na siku ya mazishi atalia kuliko wote; lakini kiti cha baba kikibaki wazi, kinakwenda kwa mtoto wa dada yake. Watoto wa pale wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Mheshimiwa Brew, hata hivyo, alikulia Accra kwa watu wa mama yake, Waga, ambao kiti chao hupita kwa baba. Alikuwa amerudi Adwenkrom miaka minane iliyopita, akakuta barabara nzima ina jina lake, na hakuona sababu ya kuuliza zaidi.

Si kazi ya katibu kumsahihisha mwenyekiti. Kazi ya katibu ni kuuliza. Alhamisi akaingia ofisini na rasimu ya Kitabu cha Historia.

"Mheshimiwa, ukurasa wa tatu, Mamlaka wanataka tuseme mrithi wa mwanzilishi atapatikanaje. Niandike 'kwa mujibu wa mila za Adwenkrom'?"

"Andika. Mila zinapendeza kwenye picha."

"Na athibitishwe hadharani na msemaji wa chifu wetu, Nana?"

"Aje na fimbo yake ya dhahabu. Na ngoma zije."

"Nimuulize mzee yeyote habari za ukoo, kwanza?"

Mwenyekiti akamwangalia kwa huruma. "Katibu. Jina langu liko kwenye kibao cha barabara. Utamuuliza nani, kibao?"

Mwongozo wa ofisi unamtaka katibu aulize mara mbili. Yeye alikuwa ameuliza mara tatu. Akagonga mhuri kwa dhamiri safi kabisa, na Mwenyekiti akatia saini kila ukurasa, kwa wino wa kijani.

Jumamosi mji mzima ulikuwa mweupe. Mamlaka ya Vilabu Vikongwe ilimleta Afisa Ukongwe Mwandamizi, Bi. Comfort Nunoo, aliyeshika cheti chenye fremu na kanuni zenye kurasa mia mbili. Mwenyekiti alisimama katikati ya uwanja, mpira umemkaa kwapani. Maame Ekuwa alikuwa kwenye lango la uwanja na sufuria yake, amevaa nyeupe kama wenzake, mikono imemwelemea kwa kukosa kazi. Nahodha alipopita mbele yake hakuweza kumtazama usoni.

Msemaji wa Nana, mzee mrefu aitwaye Kobina Eshun, akamimina pombe ya jini ardhini kama tambiko, akawaita waliotangulia, kisha akaegemea fimbo yake.

"Mwanzilishi wa klabu hii ni nani?"

"Josiah Brew," alisema Mwenyekiti kwenye kipaza sauti kizima. "Babu yangu. Alimzaa baba yangu."

"Una hakika?"

"Nimetia saini kila ukurasa."

"Kila ukurasa?"

"Na jalada."

"Basi imekwisha," alisema mzee Eshun. Akaugeukia umma. "Josiah alitoka tumbo moja na nani?"

Kutoka upande wa wauza samaki sauti ya kizee ikasema, "Na Efua."

"Efua akamzaa nani?"

"Araba Tawia," wakasema watu wengi zaidi, na kicheko kikaanza kutambaa kwenye majukwaa.

"Araba Tawia akamzaa nani?"

Hapo uwanja mzima ukajibu, hata mashabiki wa wageni, ambao hawakumjua lakini hawakutaka kupitwa. Fimbo ya dhahabu ikanyooka kuelekea langoni.

"Mrithi wa mwanzilishi ni yule pale mwenye mwiko."

"Lakini mimi ni mjukuu wake," alisema Mwenyekiti.

"Ndiyo, na tunakupenda. Mkumbuke babu yako, mlilie vizuri. Ila kiti ni cha tumbo."

Mwenyekiti akamgeukia Bi. Nunoo na kudai kukata rufaa. Bi. Nunoo akafungua kanuni, akalowesha kidole, akafunua taratibu.

"Rufaa juu ya mwanzilishi husikilizwa klabu ikiwa haijatimiza miaka mia. Yako imetimiza leo."

"Haijatimiza," alisema Mwenyekiti. "Ina sitini na miwili. Kila mtu anajua."

"Basi kuna kitabu cha uongo hapa," alisema Bi. Nunoo kwa upole, "na mimi ninatakiwa kuandika ni nani aliyekitia saini."

Mwenyekiti akazitazama saini zake. Zilikuwa nzuri sana, na wino wa kijani haufutiki. Akasema kwamba alikuwa anatania.

Maame Ekuwa alishafika katikati, anajifuta mikono kwenye kitenge. Akapokea cheti, akakigeuza huku na huku.

"Mwanangu," alimwambia Bi. Nunoo, "mimi sisemi uongo mbele ya sufuria yangu. Klabu hii si ya miaka mia, na mjomba hakuanzisha kitu. Alikuwa na mwavuli."

"Kauli ya mwenyekiti wa maisha haipokelewi bila mhuri," alisema Bi. Nunoo. "Katibu, mhuri uko wapi?"

Katibu Essilfie akapapasa mfuko wa shati, mfuko wa koti, mifuko ya suruali. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba, mhuri haukuonekana. Alikuwa ameukalia.

"Basi sijasikia kitu," alisema Bi. Nunoo, akafunga kanuni, akaomba kenkey mbili.

Maame Ekuwa akawageukia wachezaji. "Na nyie. Hiki cheti nitakitundika jikoni. Msinitegemee mimi wala kanuni. Kama mnashuka, mshuke kwa miguu yenu, na kama mnabaki, mbaki kwa miguu hiyohiyo. Mnanisikia?"

"Ndiyo, Maame."

"Hasa wewe beki wa kushoto."

Kisha akanyoosha mikono kwa Nathaniel Brew, na huyu, baada ya kutafakari kidogo, akautoa mpira kwapani akampa. Maame akarudi nao hadi langoni, kwa kuwa safari ya mpira huanzia pale, akazihesabu hatua zake hamsini hadi katikati, akamkabidhi nahodha. Nahodha alikuwa analia, na hakujificha. Siafu wakashinda mabao mawili kwa moja na kubaki ligi kuu, jambo ambalo halikuwa limetajwa popote kwenye ajenda.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mzee Eshun alimshika Nathaniel Brew bega, akamweleza kwa adabu kipengele kingine cha mila ambacho picha zilikuwa hazijakionyesha. Katika shughuli za ukoo, watoto na wajukuu wa wanaume wake hawakai vitini. Wao ndio wabebaji. Kapu la jezi kumi na moja, zilizolowa jasho na tope, lilikuwa linasubiri pembeni ya goli.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu Nathaniel," alisema Maame Ekuwa. "Uje na sabuni."

Mheshimiwa akaliinua kapu kichwani, akauliza kama kuna kamati ya kufua. Katibu akafungua jalada, akatazama, akamwambia ipo, imeundwa leo, na mjumbe wake pekee ni Mheshimiwa mwenyewe.