Jiko Lililonizingira Nikiwa Nimekaa

Leonidas Mughwai,
Mungaa, Ikungi.
14 Septemba 2024.

Kwa Ndugu Calist,
Mwenyekiti wa Kitongoji chetu.

YAH: KUZINGIRWA NA JIKO LA NJE NIKIWA KWENYE KITI CHANGU

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu za mtu aliyeonewa, kisha uhusike na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mstaafu wa reli. Nilitumikia Itigi kwa miaka ishirini na tisa, na katika muda wote huo sikugongwa na treni hata mara moja, kwa sababu treni hupiga honi. Mke wangu Dorika hapigi honi, na ndiyo maana nakuandikia.

Kiti changu unakifahamu. Ni kile cha kamba kilichoko nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mwarobaini, ambapo tangu nistaafu nimekuwa nikisikiliza redio na kulinda boma. Mwezi wa sita mke wangu alianza kuniuliza maswali. Siku ya kwanza aliuliza, kwa adabu kabisa, ni sehemu gani ya uwanja ambayo upepo hauifikii. Upepo wetu wa Singida unaujua, ukiamka vibaya unaondoka na ungo pamoja na kilichomo. Nikamweleza kwa kirefu, maana habari za upepo nazijua, kwamba sehemu hiyo ni hapa nilipokaa. Wiki iliyofuata akauliza ni wapi maji ya mvua hayatuami. Nikamwambia ni hapa nilipokaa. Halafu akauliza ni wapi kuna kivuli saa saba mchana, na ni wapi mtu anaweza kuona lango bila kuinuka. Mwenyekiti, nilidhani hatimaye mke wangu ameanza kuthamini akili yangu. Nilijibu maswali yote manne, na mengine ambayo hakuyauliza.

Jumatatu iliyofuata fundi Stanley alikuja na nguzo nne, akazichimbia kukizunguka kiti changu, nami nimekikalia. Alinipa shikamoo huku akipitisha kamba ya kupimia juu ya magoti yangu. Nilidhani ni banda la kuku, nikamshauri achimbe zaidi. Kufikia Alhamisi ndani ya zile nguzo kulikuwa na jiko la udongo la vyungu viwili, kichanja cha vyombo, mtungi wa maji, na mimi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kwamba kwa mila zetu mwanamume hakai jikoni. Babu yangu hakukaa, baba yangu hakukaa, na mimi nilijenga jiko lenye mlango imara hasa ili nisikae. Sasa naomba ofisi yako itoe tafsiri: mtu akiwa amekaa zake mahali pake, kisha jiko likamfuata, ni nani kamwingilia mwenzake? Nimeshauriwa nihamishe kiti. Siwezi kukihamisha, kwa sababu mahali pengine pote pana upepo, maji yanatuama na lango halionekani. Nilishayathibitisha hayo mwenyewe mbele ya mke wangu.

2. Kwamba aliyekaa jikoni hakosi kupewa kazi. Ilianza na kushika kifuniko, kwa dakika moja tu. Kifuniko kikaleta kitunguu, kitunguu kikaleta ungo wa mchele, na mchele ukaleta mwiko. Leo hii najua kwa nini ugali wa jirani yetu Mama Janeth huwa na madonge. Mwanamume wa umri wangu hakupaswa kujua siri kama hiyo, na kila ninaposalimiana na mumewe namwonea huruma.

3. Kwamba jiko la zamani lilikuwa na mlango, na mlango ndio uliokuwa ukiamua nani ale kwetu. Jiko la nje linapikia barabara nzima, na kwetu mtu akikukuta unapika humwachi apite bila kumkaribisha. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu tulimkaanga jogoo mmoja kwa mafuta ya alizeti, jogoo wa watu wawili, tukamla watu tisa. Katekista, ambaye asubuhi alikuwa ametuonya juu ya ulafi, alikula paja na kuliombea la pili. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulipita mara tatu ukimtafuta mbuzi ambaye kitongoji kizima kinajua ulimuuza mwezi wa saba. Sikulaumu. Nasema tu kwamba firigisi, ambayo tangu nioe ni haki ya baba mwenye nyumba, siku hiyo sikuiona, na wewe ulikuwa umekaa karibu na sahani.

4. Kwamba mkwe wangu ameharibika. Fredrick, mume wa binti yetu Agnes, ni kijana mwenye heshima, naye anajua kwamba mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Zamani jambo hili halikuwa na shida. Jiko lilikuwa na kizingiti, na mkwe aliishia hapo. Hili jipya halina kizingiti. Fredrick alisimama langoni robo saa nzima na mfuko wa sukari mkononi, akitafuta kwa macho mahali jiko linapoanzia. Alichokiona ni baba mkwe wake anasonga ugali, khanga kiunoni, na maneno ya khanga ile siwezi kuyaandika kwenye barua inayokwenda serikalini. Aliweka sukari chini, akanisalimia huku ametazama barabara, akaondoka. Nasikia alipofika kwake alimwambia mkewe apumzike, akashika mwiko. Agnes amenipigia simu kunishukuru. Ugonjwa unasambaa, Mwenyekiti.

5. La tano sikupanga kuliandika. Mwaka jana mganga wa zahanati alituambia kwamba kifua cha mke wangu kimeharibiwa na moshi wa jikoni. Nilimjibu kwamba mama yangu alipikia kwenye moshi mpaka akafika miaka themanini, nikarudi kwenye kiti changu. Tangu jiko lihamie nje kikohozi kimepungua, na macho yake hayana tena wekundu ule. Tena anaimba. Nimeishi naye miaka thelathini na minne bila kujua kwamba mke wangu huimba akiwa anapika. Nilimuuliza ameanza lini. Akasema ameimba siku zote, ila mlango ulikuwa umefungwa. Mlango ule niliutengeneza mimi, kwa mbao za mninga, nikajisifu kwa watu kwamba haupitishi hata sauti. Niliona haya, Mwenyekiti. Mzee kuona haya kwenye kiti chake mwenyewe, mchana kweupe, huku akimenya kitunguu na watu wakidhani ni kitunguu, ni usumbufu mkubwa.

Kwa sababu hizo naiomba ofisi yako iamuru jiko hilo livunjwe, nirudishiwe eneo langu bila majivu, na khanga irudi kwa mwenyewe. Aidha, naomba uitishe mkutano wa dharura wa wanaume wote wa kitongoji, waonywe mapema. Mwanamume yeyote atakayeulizwa na mkewe upepo unatoka wapi, ajibu kwamba hajui. Ikibidi aseme hajawahi kuuona.

Nisalimie mkeo Lea na watoto wote. Nisalimie katekista na meno yake. Fundi Stanley naye msalimie, ingawa sisi hatuongei, na mbuzi akipatikana mpe salamu zangu.

Wako mtiifu kati ya nguzo nne,

Leonidas Mughwai

Nakala: Mshenga wetu wa mwaka 1990, aone alichokifanya.

N.B. Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea mke wangu, maana ndiye anayeshika tarehe. Alisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza mboga. Kisha akauliza, kwa adabu, masika yakianza mvua huwa inapiga kutoka upande gani. Nikamjibu kwa kirefu. Ndiyo sababu maneno haya nayaandika nikiwa juu ya ngazi, naliezeka jiko jipya. Bati ni za jiko la zamani, nimeliezua mwenyewe leo asubuhi, na ule mlango wa mninga nimeulaza juu ya tofali, sasa ni meza ya kukatia mboga. Kwa hiyo barua ihifadhi kwenye faili, ila hatua usichukue yoyote. Kesho ukija kumtafuta mbuzi, njoo na nyundo, kwani upande wa mashariki bado haujafungwa. Ugali nitausonga mimi, na hautakuwa na madonge. Ukisikia mtu anaimba, usipige hodi kwanza, subiri amalize.